Wakfu wa Kumkimbia Mjerumani

Siku za Mjerumani nilikuwa fundi cherehani hapa Dodoma, reli ikiwa bado ngeni na vumbi likiwa limekwisha kuwa mwenyeji. Vumbi lenyewe sitalisimulia sana, nisije nikaitwa mwongo. Nitasema tu kwamba niliwahi kupokea kitambaa cheupe asubuhi, nikashona kanzu, na jioni mteja akanishukuru kwa kumchagulia rangi nzuri ya kahawia.

Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya mfanyabiashara mmoja wa ngozi na samli. Alikuwa Mnyamwezi, baba yake mnyapara wa misafara ya pembe, lakini ukimuuliza habari za Tabora alikujibu habari za Stambuli, mji ambao hajapata kuuona na ambao aliujua mtaa kwa mtaa. Nyumba yake ilinuka ngozi mbichi kuanzia mlangoni mpaka uani. Nzi wa mji mzima walikuwa wapangaji wake, tena wasiolipa. Ila kulikuwa na chumba kimoja, mkono wa kulia ukiingia, ambacho nzi wakifika kizingitini waligeuza. Humo alifukiza udi asubuhi na jioni, na humo ndimo alimoweka vitu vyake.

Watu wengine walikusanya ng'ombe, wengine wake. Yeye alikusanya kila kilichochongwa, kilichofinyangwa, kilichofumwa au kilichoandikwa kwa mkono wa Muislamu. Alikuwa na mrashi wa shaba wenye shingo ndefu, ule wa kunyunyizia marashi. Alikuwa na chetezo cha kufukizia udi, chenye matundu mengi kama sega la nyuki, sahani ya kaure iliyozungukwa na maandishi ya buluu, mswala mwekundu wa Kiajemi, na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, kurasa zake zikiwa na maua pembeni. Vingine vilimjia kwa gari la moshi kutoka pwani, vingine aliuziwa na wasafiri walioishiwa njiani. Akisikia kuna Mshihiri mgonjwa Mpwapwa na ana kisanduku chenye nakshi, alikwenda kumwuguza mpaka mmoja wao achoke.

Cha thamani kuliko vyote kilikuwa marufaa, ile ya kulazia msahafu wakati wa kusoma. Ilichongwa kwa ubao mmoja wa mpingo. Ubao mmoja, nasema, umepasuliwa kwa ndani kwa msumeno mwembamba, mbawa mbili zikashikana kwa meno yao wenyewe, hakuna msumari, hakuna gundi. Ukiifunga ni ubao, ukiifungua ni ndege. Mbavuni yalichongwa majani yanayofuatana, na hata ungeyatazama mwaka mzima usingeona jani la kwanza ni lipi. Baba yake aliipata Bagamoyo kwa tajiri mmoja aliyebebwa hoi kwenye machela kutoka Unyanyembe, na baba alipokufa hakuacha kingine cha kutaja.

Sasa, mwenye nyumba wangu hakuwa mchoyo, na hapo ndipo tabu yote ilipoanzia. Alipenda vitu, lakini alipenda zaidi kuvionyesha. Kila Ijumaa baada ya sala alifungua chumba na kukaribisha kila mtu, Waislamu wa mjini, Wahindi wa madukani, Wagogo walioleta ngozi, hata Wagiriki wa reli. Kahawa ilikuwa bure. Bei yake ilikuwa kusikiliza. Alieleza kila kitu, kilikotoka na kilikopita, na kwa nini shaba ya Misri inacheka na shaba ya Bara Hindi inanuna. Namkumbuka Mgiriki mmoja aliyeingia humo kijana akatoka ana mvi. Mwishoni mwenye nyumba aliweka mkono kifuani na kusema, "Ndugu zangu, hivi si vyangu. Ni vya umma mzima. Mimi ni mlinzi tu." Sisi tuliguna kwa heshima, naye akafunga mlango kwa makufuli mawili.

Mimi nilimshonea mifuko. Kila kitu kilikuwa na mfuko wake wa kitambaa cha marekani wenye kamba ya kuvuta, na vile vya thamani vilikuwa na mfuko wa kuuhifadhi mfuko. Jioni nilikwenda shule ya usiku kwa karani mmoja wa stesheni, kujifunza herufi za Kizungu. Mwenye nyumba aliuangalia ubao wangu wa kuandikia akasikitika.

"Fundi, herufi zenu zimesimama kama askari wa bomani," aliniambia. "Hazijui hata kuketi."

Mtu pekee aliyeweza kumjibu alikuwa mtani wake, mfugaji wa Kigogo kutoka Ipagala, ambako siku hizo ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu na walijua zaidi pia. Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, kwa hiyo mzee huyu aliruhusiwa kusema lolote. Siku moja alisimama mlangoni mwa chumba na kuunyooshea kidole ule mrashi.

"Mtani, hiki chenye shingo ya mbuni kinanyweshea nini?"

"Hakinyweshei. Kinanyunyiza marashi."

"Kinamnyunyizia nani?"

"Wageni, kwenye sherehe."

"Kimeshanyunyiza?"

"Ni cha kale. Hakitumiki."

"Basi ni kama mjomba wangu," mtani akasema. "Na yeye tunamtazama tu."

Mambo yalikuwa hivyo mpaka askari mmoja wa boma alipopita barazani na kusema kwamba Bwana Mkubwa atakuja Jumamosi kutazama vitu vya zamani. Mji mzima ulijua maana yake. Bwana Mkubwa alikuwa anakusanya vitu vya kupeleka kwao Ulaya, kwenye nyumba ambayo, tuliambiwa, ni kubwa kuliko Dodoma, na ndani yake vitu hukaa nyuma ya vioo na watu hupita wamevua kofia. Ngoma ya mtemi mmoja ilikuwa imeshakwenda huko. Mtemi alipewa saa ya ukutani, nayo haikujua saa za kwetu. Hakuna aliyemkatalia Bwana Mkubwa, maana kiboko kilitundikwa pale bomani mahali ambapo mtu asingeweza kukosa kukiona.

Mwenye nyumba alikuja kuketi karibu na cherehani yangu, hana rangi.

"Ataichukua marufaa."

"Labda hataijali, mzee."

"Fundi, wewe una macho? Nani ataiona asiitake?"

"Basi ifiche."

"Niifiche wapi, na Dodoma nzima imeiona? Nimewaonyesha mwenyewe."

Siku mbili hakula. Mkewe alimletea uji, akaupeleka tena ndani umepoa. Ya tatu yake maalim wa msikiti wetu alikuja kwangu kutia kiraka kwenye kanzu, na mwenye nyumba akamrukia kabla hajaketi.

"Maalim, kitu cha wakfu kinaweza kuchukuliwa?"

"Hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Mwenyewe ni Mungu."

"Na bomani wanalijua hilo?"

"Wanalijua. Kiwanja cha makaburi walikitaka kwa ghala. Tukasema ni wakfu, wakasogea."

"Basi naweka wakfu. Vyote."

Maalim alimtazama. Alikuwa mtu mkavu, mwembamba, asiyepoteza neno. "Wakfu haurudi, bwana. Ni kama talaka tatu. Ukishatamka umetamka."

"Najua."

"Na vitakaa wapi?"

"Si hapa hapa, kama kawaida. Nani mwingine atavitunza?"

Maalim akanyoosha mkono kutaka kanzu yake, nami sijakata hata uzi.

Ijumaa msikiti wetu wa udongo ulijaa mpaka watu wakasali barabarani. Habari zilikuwa zimetembea. Mwenye nyumba alipangiwa kusema maneno machache tu, kwamba vitu fulani na fulani ameviweka wakfu kwa Waislamu wa mji huu, basi. Angetamka hayo akaketi, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini alikuwa na hadhira, tena kubwa kuliko ya chumbani, tena haijachoka. Alianza na baba yake na machela. Akaingia Misri, akatokea Ajemi. Wazee wakaanza kupangusa macho. Alipoyaona machozi, roho ikampanda.

"Visikae gizani," akasema. "Vitumike. Kila Muislamu wa mji huu, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke, avitumie kama vya mama yake mzazi."

Itikio la amina lilitikisa bati la stesheni. Nililia hata mimi, niliyeshona mifuko.

Jumamosi Bwana Mkubwa alikuja na askari wawili. Tulikuwa mle chumbani, maalim, mwenye nyumba na mimi, na mtani alikuwa amekaa barazani, karibu na mlango, akivuta ugoro wake na kusubiri kuona Mnyamwezi akinyang'anywa. Mwenye nyumba hakungoja salamu ziishe.

"Bwana Mkubwa, vyote hivi ni wakfu."

"Najua," Mzungu akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. "Nilisikia jana. Nilikuwa nimelala, nikaamshwa na amina."

Akazunguka chumba mikono ikiwa nyuma. Alikitazama chetezo, akaitazama sahani, akaupita mrashi. Muda wenyewe haukutosha kumaliza kikombe cha kahawa.

"Vizuri," akasema. "Lakini vya namna hii kwetu vipo. Nimeviona Misri, nimeviona Stambuli. Vya kule ni bora."

Nilishamwona mwenye nyumba wangu akipoteza behewa zima la ngozi kwa mvua, akacheka. Nilimwona akizika watoto, akasimama. Siku hiyo ilibidi ashike ukuta.

"Bora?"

"Bora kidogo," Mzungu akasema, akidhani anamfariji.

"Bwana Mkubwa hajaiona hii."

Maalim akakohoa. Mimi nikamvuta kanzu kwa nyuma. Hakuna aliyesikia. Mtu aliyekuwa hali uji kwa kuogopa marufaa isichukuliwe, aliivua mfuko wake mbele ya Mjerumani, akaufungua ule ubao ukawa ndege, akamwekea mkononi.

"Ubao mmoja. Tafuta msumari. Tafuta, Bwana Mkubwa, usione haya."

"Ni kazi nzuri," Mzungu akasema, lakini macho yake yalikuwa yamepita juu ya zile mbawa kuelekea barazani. "Yule mzee amekalia nini?"

Sote tukageuka. Mtani alikuwa amekalia kigoda chake cha kukamulia, cha miguu mitatu, cheusi kwa samli na moshi.

"Mimi?" mtani akasema. "Nimekalia kigoda."

Bwana Mkubwa alimrudishia mwenye nyumba marufaa kama mtu anayerudisha kikombe, akatoka, akachutama mbele ya mtani. Alikipapasa kigoda mtani akiwa bado juu yake.

"Kimechongwa kwa mti mmoja," akatuambia, sauti imebadilika. "Miguu na kiti, vyote mti mmoja. Hakuna msumari."

"Msumari ungenichoma," mtani akasema.

"Niuzie."

"Kimezoea makalio yangu. Ya mwingine kitayakataa."

"Nitakupa blanketi jipya na kisu."

Mtani alisimama polepole, kwa heshima zote. Askari walitafuta cha kukifungia kigoda kisipate vumbi, na karibu palikuwa na mfuko mmoja tu mtupu. Hivyo kigoda cha kukamulia ng'ombe wa Ipagala kilisafiri kwenda Ulaya ndani ya mfuko wa marekani nilioushonea marufaa, mshono wa mara mbili.

"Mtani," mzee akasema walipoondoka, akijifunika blanketi na jua likiwa la utosini, "wewe unazijua habari za Stambuli. Sasa makalio yangu yanakwenda Ulaya. Ukitaka habari za huko, niulize."

Mwezi mzima baada ya hapo Wagogo walimiminika bomani na vigoda, vingine bado vinatoa utomvu, vimepakwa masizi na samli vionekane vimezeeka. Samli walinunua kwa mwenye nyumba wangu. Hakufurahi.

Lakini kununa kulipokwisha, alianza kuona upande mwema. Vitu vyote vilikuwepo. Mjerumani hana haja navyo. Akafukiza udi, akafunga makufuli yake mawili, akaagiza mfuko mpya. Jumatatu moja akaja mama mmoja wa mtaa wa pili, anamwoza binti yake.

"Hodi. Nimekuja kuchukua mrashi wetu."

Mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono haijui pa kukaa. "Mama, mambo yalikuwa hivi. Nia yangu ilikuwa kumzuia Mjerumani."

"Mjerumani simwoni. Arusi ni Alhamisi."

Mama akaenda kumleta maalim. Maalim alisikiliza pande zote mbili, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Nia ya moyoni anaijua Mungu, bwana. Sisi tulisikia ya mdomoni. Umesema vitumike, na sharti la mwenye kuweka wakfu halivunjwi na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe."

"Lakini nani atajua kuushika? Shaba yake nyembamba."

"Utatufundisha."

"Maalim, nimeishi navyo maisha yangu yote."

Hapo sauti ya mkewe ikatoka ndani, nyuma ya pazia. "Mpe funguo, bwana. Ulisema watumie kama vya mama zao. Huyo si mama?"

Akatoa funguo. Mwezi haukuisha, chumba kikawa kitupu. Chetezo kilikwenda matangani, mswala ukaenda msikitini, sahani ya kaure ikapakuliwa pilau na mtu akailamba. Marufaa ilikuwa ya mwisho. Maalim aliichukua kwa ajili ya watoto wa chuo chake cha Kurani, akaibana kwapani ndani ya mfuko wangu mpya, na mwenye nyumba hakutoka kumuaga. Nilimsikia tu ndani akihamisha makufuli kutoka mahali hadi mahali. Siku ile nzi wa kwanza alivuka kizingiti cha chumba kile, akasimama katikati, kama mpangaji anayekagua.

Alhamisi ile ya arusi nilimwona mwenye nyumba amevaa joho lake zuri. "Umealikwa, mzee?" nikamuuliza. Akasema yeye hendi arusini, anakwenda kwenye mrashi. Alisimama karibu na yule mama usiku kucha, au niseme jioni nzima, maana mkewe atanisahihisha, akinong'ona, "Shika shingo, usishike tumbo. Shingo." Kesho yake alikuja akaketi karibu na cherehani yangu.

"Fundi," akasema, "ule mrashi unatoa kama pumzi. Mtu akikupumulia kwa mbali. Nimekuwa nao miaka yote hiyo, sikujua."

Tangu siku hiyo hakukosa arusi, hakukosa matanga, hakukosa maulidi. Watu walidhani amekuwa mcha Mungu. Kwenye matanga alikaa karibu na chetezo, akilia kwa sauti wakizidisha makaa. Sifa za ukarimu wake zilifika Kilimatinde, na mgeni mmoja alifunga safari kutoka huko kuja kuomba dua yake. Akampa somo la shaba, mgeni akaondoka na mvi.

Pahali pamoja tu hakuwa anakwenda, chuoni kwa maalim. Akipita njia ile aligeuza uso. Vile vingine aliweza kuviona mikononi mwa watu. Marufaa alisema hapana, asingestahimili.

Halafu jino moja la marufaa likavunjika. Maalim mwenyewe aliileta, akaiweka mbele yake bila maelezo. Hakuna mtu mwingine Dodoma aliyejua jinsi yale meno yanavyoshikana. Mwenye nyumba aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo chumbani, akafukiza udi. Kwa kuwa cherehani yangu ilikuwa chini ya dirisha la chumba kile, niliiona kazi yote. Alichonga kijino kipya cha mpingo kwa wembe, akakisugua, akakiingiza. Ilimchukua kutwa moja. Jioni niliiona marufaa imefunguka mezani, nzima kama siku iliyotoka Unyanyembe, naye ameketi mbele yake.

Wiki ikapita. Maalim akaja.

"Bado, bwana?"

"Bado. Mpingo ni mti mgumu, Maalim."

Wiki nyingine ikapita. Maalim akaja tena, akaketi kwangu, akaitiwa kahawa.

"Bado?"

"Gundi haijakauka."

"Nilidhani haina gundi," maalim akasema.

Niliacha kukanyaga cherehani. Mwenye nyumba alitazama chini, akatazama mlango wa chumba, akatazama tena chini. 

"Nani aliivunja?" akauliza.

"Watoto. Wanaigombea. Kila mmoja anataka asome zamu yake juu yake, hakuna anayetaka ile yao ya zamani. Juzi wawili wamepigana mpaka damu."

"Wanaigombea?"

"Nimewatandika, hawasikii."

Miaka yote ya Ijumaa zake, watu walikuja, walikunywa kahawa, waliguna. Hakuna aliyewahi kupigana ili aingie. Niliona neno lile likimwingia polepole, kama samli kwenye ugali wa moto. Akaingia chumbani, akatoka na marufaa imefungwa, mfuko ameuacha.

"Watoto wenu hawajui kuifungua," akasema. "Ndiyo maana imevunjika. Unaanzia chini, si juu. Twende nikawaonyeshe."

Akatangulia njiani, maalim nyuma yake. Waliondoka kabla ya adhuhuri. Watoto walirudi makwao alasiri, wana njaa, wanajua mpingo unakatwa mwezi gani na kwa nini. Kesho yake alikwenda tena. Keshokutwa vilevile, na Jumatatu iliyofuata nilimwona akipita na sahani ya kaure chini ya joho, ameiazima kwa siku moja kwa ajili ya somo.

Baada ya mwezi hivi maalim alikuja kwangu, kanzu yake haina hata kiraka cha kutia. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akapangusa uso.

"Fundi," akaniambia kwa sauti ya chini, "tulichukua vitu tu. Huyu mwenyewe hatukumuomba."

Nikamwagizia kahawa. Akainywa taratibu, taratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akinywa kahawa, kisha akaomba nyingine.